Maji ya Chokaa Yaliyokataa Kuwa Maziwa

Kitabu cha mazishi ya Mwalimu Elijah Gathogo kimechapishwa kwa karatasi ya kung'aa, picha zote ni za rangi, na uongo uko ukurasa wa saba. Nilikisoma nikiwa nimeketi chini ya hema kwake Njoro, miguu ya kiti cha plastiki ikizama kwenye nyasi. Ukurasa huo unasema kwamba alipokuwa mwalimu kijana wa kemia, praktikali ya mtihani wa mwisho iliharibiwa na uzembe wa mfanyakazi wa maabara, na kwamba marehemu alisimama na wanafunzi wake kama baba mzazi. Mfanyakazi huyo ni mimi. Jina hawakuliandika, na nadhani waliona kutoliandika ni kunihurumia. Mimi ni Tabitha Nyambura. Tumefundishwa kwamba marehemu hasemwi. Sawa, lakini huyu marehemu amenisema mimi, tena kwa rangi, na watu wakapewa nakala waende nazo nyumbani.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za kwetu nitaziacha, ila neno moja tu: nilitoka Kariandusi, upande wa Gilgil, ambako udongo ni mweupe kama unga na watu huuchimba. Nilikuja Nakuru nikaandikwa kazi ya kuosha vyombo katika maabara ya shule moja ya wasichana. Nyuma ya maabara kulikuwa na chumba kidogo cha kutayarishia, chenye sinki mbili, rafu mpaka darini, na dirisha lililotazama mlima Menengai. Humo ndimo nilimojua ninachokijua. Aliyekisimamia chumba hicho alikuwa Bwana Obadia Simiyu, fundi wa maabara, mtu wa Kimilili, mrefu, aliyefunga mkanda juu ya tumbo kana kwamba suruali ingemtoroka. Chai yake aliichemsha juu ya moto wa gesi kwenye bika moja, kikombe cha kioo cha maabara, aliyoipaka alama nyekundu isije ikachanganyika na za asidi, na viazi alivichoma juu ya wavu uleule wa kupashia vyombo. Tulikula tukiwa tumesimama, chumvi tukiitoa kwenye karatasi, kwa sababu alisema chumvi ya kwenye chupa za maabara, hata iwe ileile ya jikoni, mtu mwenye akili haionji.

Wasichana walijifunza kemia kutoka juu kwenda chini, kwa kitabu. Mimi niliijua kutoka chini, kwa uchafu. Kila mchanganyiko huacha alama yake kwenye kioo, na anayeosha ndiye anayekutana nayo. Walipotia msumari kwenye yale maji ya bluu ya shaba, salfeti ya kopa, mimi nilikuta msumari umevaa koti jekundu la kopa na bluu imefifia. Walipotupa zinki ndani ya asidi ikachemka bila moto, nilisikia ule mlio mdogo wa hewa ikishikwa na kiberiti, nikajua tyubu hiyo itaoshwa kwa maji tu. Chuma kikikutana na sodiamu hidroksaidi huacha ute wa kijani, na ukichelewa kuosha unakuta juu umeshakuwa kahawia kama kutu. Maji ya fedha yalinichafua vidole vikawa vyeusi wiki nzima, nikawa naficha mikono kanisani. Na maji ya chokaa, hayo ndiyo niliyoyajua kuliko yote. Ukiyapulizia pumzi yanageuka maziwa, na yakikauka huacha pete nyeupe ndani ya tyubu, pete ambayo haitoki kwa sabuni, inatoka kwa asidi kidogo. Chokaa yenyewe hula ngozi. Mwaka mzima ncha za vidole vyangu zilikuwa zimepasuka kwa ajili yake, na Bwana Simiyu alinipa mafuta ya ng'ombe nipake.

Mwanafunzi aliyekuwa akiingia chumba hicho ni mmoja, Rael Jerotich, wa Kidato cha Nne, mtoto wa watu wa Molo. Saa ya chakula cha mchana alikuja na sahani yake ya githeri, mahindi na maharagwe, tukala pamoja, halafu akanifundisha kusoma majina ya chupa, nami nikamwonyesha alama za kwenye vioo. Alikuwa akikariri kwa sauti huku anatafuna: asidi na kabonati hutoa chumvi, maji na ile hewa tunayoitoa tukipumua. Asidi na alkali hutoa chumvi na maji. Kabonati ya kopa ni kijani, ukiipasha moto inakuwa nyeusi, na hewa inayotoka ukiipitisha kwenye maji ya chokaa, maji yanakuwa maziwa. Akikosea nilicheka, akaniuliza, "Na wewe unajuaje?" nikamwonyesha tyubu. Baba yake alikuwa amekubali neno moja tu: akipita kemia aende akasomee unesi, asipopita arudi shambani Molo, na kulikuwa na mzee mmoja aliyekwisha kuongea na baba habari za posa. Rael alilisema jambo hilo kwa mzaha, kwamba kemia ikimkataa yeye ni wa kuchuma maua ya pareto. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akikwangua sahani. Bwana Simiyu alimpa sheria moja ya praktikali, akamrudia nayo kila siku kama sala: andika ulichoona kwa macho yako, usiandike ulichosikia.

Muhula wa tatu mama yake Bwana Simiyu akafariki, akaenda Kimilili kuzika na kukaa matanga. Majuma hayo ndiyo mtihani ulikuwa unakaribia. Kazi ya kutayarisha praktikali ikamwangukia Mwalimu Gathogo, kijana wa suti ya rangi ya udongo, aliyetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia na asiyewahi kuingia chumba chetu ila kuuliza kwa nini chai inanukia humo. Chokaa ya maabara ilikuwa imebaki vumbi chini ya kopo. Iliyoagizwa haikuwa imefika. Wakati huohuo mabweni yalikuwa yakipakwa rangi nyeupe, na mafundi walikuwa na gunia limesimama nje ya bweni la pili. Watu wote wa shule waliliita gunia la chokaa. Mwalimu Gathogo akatoka na kopo, akachota mwenyewe, akarudi akiwa amefurahi kama mtu aliyeokoa nchi.

Nilipoliona kopo nilijua. Si kwa akili nyingi, ni kwa sababu nilizaliwa juu ya vumbi hilo. Ulikuwa udongo wetu, ule mweupe wa Gilgil, ambao watu wa huku hupaka nyumba na kuuita chokaa kwa kuwa unafanana nayo na unapatikana. Ni mwepesi mno mkononi. Hauyeyuki kwenye maji, unazama tu ukalala. Mwalimu aliukoroga kwenye chupa kubwa, akauacha utulie, kesho yake akachuja maji ya juu, safi kabisa, akaandika kibandiko. Mimi nikaosha ile chupa ya kukorogea kwa mikono mitupu. Vidole havikuwasha. Havikuteleza hata kidogo. Nikachukua tyubu mbili palepale kwenye sinki. Ya kwanza nikaitia maji ya zamani ya Bwana Simiyu, yaliyobaki kidogo kwenye chupa yenye kizibo cha kioo. Ya pili nikaitia hayo mapya. Nikapuliza kwa mrija. Ya kwanza ikawa maziwa kabla pumzi haijaisha. Ya pili nilipuliza mpaka nikaona kizunguzungu, ikabaki maji ya kunywa.

Nilizibeba zote mbili mpaka chumba cha walimu, saa nne ya chai. Nakumbuka mandazi yalikuwa kwenye trei ya kijani na Madam Consolata, mwalimu mkuu, hakuwapo. Mwalimu Gathogo alikuwa ameketi na Mwalimu Mogaka wa jiografia na wengine wawili, Bi. Njoki wa Kiingereza na Mwalimu Lang'at wa hesabu. Nikasema polepole, "Mwalimu, hii si chokaa. Ni udongo mweupe wa kwetu, haukubali maji." Mogaka akainua kikombe, akasema kumbe leo profesa wa masufuria ameingia, jamani tumpe kiti. Wakacheka, hata Bi. Njoki ambaye alikuwa mtu mwema. Na Mogaka huyo ndiye aliyekuwa akiwachorea wasichana ubaoni machimbo ya Kariandusi, kwa chaki, na mshale. Leo bado hunijia hasira nikikumbuka ule mshale wake.

Mwalimu Gathogo hakucheka. Aliniuliza nilifika darasa la ngapi. Nikamwambia la nne.

"Na nani alikuambia kwamba mtihani una maji ya chokaa?"

 Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimeosha chupa tu, na chupa zilikuwa na vibandiko. Akasimama, akanitoa mpaka mlangoni, akaongea kwa sauti ya chini kwamba barua aliyotumiwa ya kuandaa praktikali ni siri ya serikali, kwamba mtu wa kuosha vyombo kujua kilichomo ni kosa, na kwamba nikitamka neno moja kwa msichana yeyote ataita polisi na nitalala ndani kwa kuiba mtihani. Kisha akaziangalia zile tyubu mkononi mwangu, ile ya maziwa na ile ya maji. Aliziangalia vizuri. Nataka anayesoma ajue hivyo, kwamba aliziona. Akasema, "Hiyo ya zamani imeharibika ndiyo maana iko hivyo. Kaimwage, na chupa yake uimwage."

Nilikwenda nikaimwaga. Chupa ile ya Bwana Simiyu ilikuwa na maji ya kutosha wasichana watatu, labda wanne. Nilijua meza ya Rael, ile ya dirishani, namba kumi na moja. Ningeweza kumwekea. Nilisimama na chupa juu ya sinki muda mrefu kiasi kwamba mkono ulichoka, halafu nikaigeuza, na maji yakaenda.

Siku ya praktikali niliwekwa chumba cha nyuma nipitishe vyombo kupitia dirisha dogo. Wasichana walikuwa ishirini na sita na bado nawajua: Agnes Wairimu, Beatrice Nafula, Joyce Chebet, mapacha wa Subukia Ann na Lucy Waithera, Zainabu Omari wa mtaa wa Bondeni, na wengine wote mpaka namba ya mwisho, Priscilla Moraa. Wakapasha moto ule unga wa kijani, ukawa mweusi kama inavyotakiwa. Wakapitisha hewa. Kukawa na kimya cha ajabu, kimya cha watu wanaosubiri kitu ambacho wamekisoma. Nikamwona Agnes akitikisa tyubu. Nikamwona Zainabu akichungulia ya mwenzake. Halafu mmoja baada ya mwingine wakainama wakaanza kuandika, na nilijua wanaandika nini, wanaandika maziwa. Wanaandika kitabu. Rael peke yake aliinua tyubu kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha, akapasha tena, akapitisha tena, akainua tena. Kisha akageuka akanitazama kupitia lile dirisha dogo. Hakuuliza kwa mdomo, hairuhusiwi. Mimi nikatazama sinki. Nilipoinua macho alikuwa anaandika.

Mjukuu wangu Mercy yuko Kidato cha Nne sasa hivi, tunakaa pamoja hapa Nakuru, mtaa wa Free Area, na jioni hueneza makaratasi yake ya kemia juu ya meza yangu. Majuzi nilimsikia akikariri maneno yaleyale, kwamba maji ya chokaa yanageuka maziwa. Nikamuuliza kama ameyaona. Akaniambia, "Shosho, hatujawahi kuona, ticha alisema tuandike tu hivyo, ni maksi za bure." Nilitoka nje nikasimama karibu na kamba ya nguo mpaka nikatulia. Miaka yote hii na bado wanafundishwa kuandika maziwa wasiyoyaona. Mtoto hakunielewa. Alidhani nimekasirikia kelele zake.

Jioni ya mtihani niliosha tyubu zote. Ishirini na sita za maji ya chokaa, na hakuna hata moja iliyokuwa na pete nyeupe. Zilitoka safi kwa maji matupu. Bwana Simiyu aliporudi kutoka Kimilili nilimwonyesha kopo, akatia karatasi nyekundu ya litmus kwenye yale maji, ikabaki nyekundu badala ya kugeuka bluu kama chokaa inavyoigeuza, akaketi juu ya kreti. Akasema atazungumza na mwalimu mkuu. Hakuzungumza. Baadaye aliniambia ana watoto watano. Nilimheshimu mtu huyo na bado namheshimu, lakini sheria yake ya kuandika ulichoona aliwaachia watoto waibebe peke yao.

Matokeo yalipokuja, walioandika maziwa walipita kemia, na Rael, aliyekuwa mbele yao wote, alianguka kwa kidogo sana. Baba yake alikuja shuleni akiwa na kofia mkononi kuuliza. Madam Consolata akamwita Mwalimu Gathogo, na Mwalimu Gathogo akasema amechunguza, kwamba vyombo havikusuuzwa, kulikuwa na sabuni, na sabuni huharibu maji ya chokaa. Niliitwa nikaambiwa hivyo mbele ya baba yake Rael. Nilifungua mdomo, Gathogo akanitazama, nikakumbuka polisi. Nikaufunga. Baba huyo alinitazama bila chuki yoyote, akasema tu, "Ni msichana mdogo." Siku hiyohiyo nikatoka langoni na kikapu changu. Gathogo akapanda, akawa naibu, akawa mwalimu mkuu, akapewa nishani. Mimi niliosha sahani za hoteli, nikaosha nguo za watu, na popote nilipoomba kazi ya shule niliulizwa kama si mimi yule wa sabuni.

Sasa nirudi kwenye hema. Walikuwa wakigawa wali na kuku nilipomwona mama mmoja wa mkongojo akiongozwa na binti yake, na kabla hajaketi nilimjua kwa jinsi alivyoinua sahani kwenye mwanga kuitazama. Rael Jerotich. Tulishikana mikono hatukuachana upesi. Binti yake, Chelimo, alituletea maji ya kunawa. Rael aliniambia habari zake kwa ufupi: yule mzee aliyeongea na baba yake alimwoa, akazaa saba, pareto aliichuma mpaka viwanda vikafa, kisha akalima viazi. Hakulalamika. Nami nikafungua ukurasa wa saba nikamwekea mapajani. Akasema ameshausoma.

"Hayo usiyaweke moyoni, Nyambura," akaniambia. "Mimi nilikusamehe zamani. Ulikuwa mtoto tu, ungejuaje habari za sabuni?"

Lo, jinsi nilivyokuwa nimeingoja nafasi hiyo. Nilimwambia yote, mbio, nikiwa nimemshika mkono. Udongo wa Kariandusi. Vidole ambavyo havikuwasha. Tyubu mbili, mandazi, profesa wa masufuria, yule aliyelala kwenye jeneza jinsi alivyoziangalia akajua. Nilimwambia hata ya chupa ya Bwana Simiyu. Nilikuwa nawaka, nilikuwa namletea zawadi, nilifikiri tutawaka pamoja. Rael aliweka sahani chini kwenye nyasi.

"Kwa hivyo ulijua," akasema.

"Nilimwambia Mwalimu, Rael. Nilimwambia mbele ya watu."

"Mimi hukuniambia. Nilikutazama."

"Angenifunga."

"Basi nikafungwa mimi," akasema, bila kupandisha sauti. "Siku ile nilijiambia, kama kuna kasoro Nyambura angenipa ishara. Ulipotazama sinki nikajua maji ni mazuri, macho yangu yako sawa. Ndiyo maana niliandika nilichoona."

Kwaya ilikuwa inaimba. Nikamlaumu Gathogo tena, nikasikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa madogo. Rael akamwita Chelimo. Kabla hajainuka aliniambia kwamba hasira ya kumkasirikia Gathogo hakuwahi kuwa nayo, kwa kuwa hakujua, na ya kunikasirikia mimi alikuwa ameimaliza kwa miaka mingi ya kusali, na kwamba sasa nimemletea zote mbili siku moja, akiwa mzee, na Gathogo mwenyewe yuko ndani ya sanduku. "Niambie nizipeleke wapi," akasema. Akashika mkongojo, akaenda kuketi upande wa pili wa hema, akinipa mgongo mpaka tukazika.

Gathogo nitamchukia mpaka na mimi nishushwe, na nimeyaandika haya ili watoto wake wajue ni nini walichokichapisha. Lakini lawama ya meza namba kumi na moja haikuwa ya Gathogo peke yake, na hilo nimelijua uzeeni. Chelimo alinipa namba ya simu ya mama yake tulipokuwa tukitoka. Kila Jumapili baada ya kanisa nampigia. Rael anashika. Nikisema ni Nyambura ananyamaza, nasikia tu pumzi yake na kuku wa uani kwake. Hakati simu. Mimi pia sikati.